Kipimo cha damu ulichorudia hakikujibu swali lako: bakteria wa tumbo, saratani na zile kilo nne

«Salaam aleikum daktari. Nakaa Lamu mjini, nina miaka 38 na watoto wawili. Mwaka jana mama yangu alifariki kwa saratani ya tumbo, alikuwa na miaka 61. Baada ya arubaini tumbo langu likaanza kuwaka. Nikaenda duka la dawa, nikatobolewa kidole, nikaambiwa nina H. pylori. Nikapewa pakiti ya siku 7 na nikaimaliza, ingawa mdomo ulikuwa mchungu kama nimelamba shaba. Wiki 3 baadaye nikapima damu tena, nikaambiwa bado ipo. Sasa nameza omeprazoli kila asubuhi. Nimesoma kwamba mdudu huyu ndiye aletaye saratani. Je, nami niko njia ya mama? Watoto wa miaka 6 na 11 niwapime? Nyumbani twala sinia moja, na mama alikuwa hali bila ng'onda. Wifi yangu aniambia niache dawa za hospitali nitumie habasoda na asali. Pia nimepungua kutoka kilo 62 hadi 58 kwa miezi kama mitano, lakini nadhani ni huzuni.»

Waaleikum salaam, dada yangu, na pole kwa msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu mama na akupeni subira.

Jambo uliloliweka mwisho, la kilo, ndilo lenye uzito kuliko yote, na nitalifikia. Tuanze na kipimo, kwa sababu ndicho kinachokunyima usingizi bila haki.

Kile kipimo cha tone la damu hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili ulizitengeneza siku ulipokutana naye. Ni kama wino wa kidoleni baada ya kupiga kura. Wino unaonyesha kwamba ulipita kituoni, hausemi kama bado umesimama kwenye foleni, na tena wino huu haufutiki wiki ijayo. Kingamwili hizi hubaki miezi mingi, mara nyingi miaka, hata bakteria akiwa ameshakufa wote. Kwa hiyo huenda dawa zako zilifanya kazi, huenda hazikufanya. Lile jibu la «bado ipo» uliloambiwa mara ya pili lingejitokeza kwa vyovyote vile. Kurudia kipimo cha damu ili kujua kama umepona ni kutupa pesa, na mwenye duka alipaswa kukuambia.

Anayemtafuta bakteria mwenyewe ni kipimo cha choo, kiitwacho antijeni ya choo, au kile cha pumzi, ambapo unakunywa yurea iliyotiwa alama kisha unapuliza kwenye kifuko. Cha pumzi ni kizuri sana lakini hakipatikani kila mahali. Cha choo ndicho cha kukiulizia kwa mtu wa Lamu au Malindi. Unapeleka choo kiasi cha punje ya haragwe, ndani ya kikopo safi na kikavu, kisichogusana na mkojo wala maji ya chooni. Kifike maabara siku ileile, na kikilazimika kungoja kikae kwenye friji, kwa sababu joto letu la kaskazi hukiharibu mapema. Choo cha kuhara kama maji pia hudanganya.

Lipo sharti moja ambalo watu hulivunja kila siku: hiyo omeprazoli ya asubuhi isimame wiki 2 kabla ya kupima, na dawa yoyote ya antibiotiki iwe imemalizwa wiki 4 nyuma. Omeprazoli haimuui bakteria, humpunguza na kumsukuma kwenye kona, kipimo kikamkosa, ukaambiwa huna wakati unaye. Katika wiki hizo 2 tumbo likiwaka unaweza kutumia vidonge vya kutafuna vya kukata asidi; hivyo haviharibu majibu.

Sasa huyu mdudu mwenyewe. Jina lake kamili ni helikobakta pilori. Nitamwita pilori tu. Robin Warren na Barry Marshall walimwotesha maabara huko Perth, Australia, mwaka 1982, na watu wengi waliwacheka, kwa kuwa ilikuwa inaaminika kwamba hakuna kiumbe kinachoweza kuishi kwenye asidi ya tumbo. Mwaka 1984 Marshall akanywa kikombe cha bakteria hao, akaugua gastritisi, yaani kuungua kwa ukuta wa tumbo. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa tuzo ya Nobel. Tangu 1994 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limemweka pilori kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na tumbaku. Hilo ndilo ulilolisoma, na ni kweli. Ila kundi hilo husema ushahidi una nguvu kiasi gani. Halisemi hatari ya mtu mmoja ni kubwa kiasi gani, na hapo ndipo hofu nyingi inapozaliwa.

Waliocheka hawakuwa wamekosea kabisa: pilori kweli hana ubavu wa kuishi wazi ndani ya asidi. Anachofanya ni kuikwepa. Amejipinda kama parafujo, ana vijimkia upande mmoja, na ana kimeng'enya kinachoitwa yurease kinachovunja yurea iliyomo tumboni na kutoa amonia. Amonia huizima asidi iliyomzunguka. Akiwa ndani ya hicho kiwingu chake anapiga mbizi kwenye ute mzito unaofunika ukuta wa tumbo, anafika chini ambako asidi haifiki, na hapo anafanya maskani. Mara nyingi humwingia mtu akiwa mtoto mdogo, na asipotibiwa huzeeka naye.

Mwili haumwachi hivi hivi. Unamwaga seli za ulinzi mahali hapo, lakini yeye yuko ndani ya ute na hazimfikii vizuri, na kinachoungua ni ukuta wa tumbo lenyewe. Baadhi ya aina za pilori zina protini inayoitwa CagA, ambayo huichoma ndani ya seli ya tumbo kama kwa sindano na kuvuruga amri zake za kukua. Aina hizo ndizo kali zaidi.

Umeziona nyumba za mawe mitaa ya Mkomani, ukuta ulioliwa na chumvi. Fundi anakwangua, anapiga chokaa, na baada ya misimu michache plasta inabambuka palepale. Ukuta wa tumbo ukiwa na pilori uko kwenye ukarabati wa namna hiyo, miaka nenda miaka rudi, na hatari imo ndani ya ukarabati huo: kila seli mpya inayozaliwa kuziba pengo hunakili vinasaba upya, na kila nakala ina nafasi ya kukosea. Kwanza tezi zinazotoa asidi hupungua na ukuta huwa mwembamba. Kisha sehemu nyingine huota utando usio wa tumbo bali unaofanana na wa utumbo, kama fundi aliyechoka akapiga simenti palipokuwa na chokaa. Kwa wachache, seli hizo baadaye hupoteza mpangilio wake. Kwa wachache zaidi huwa saratani. Safari hiyo huchukua miongo, na wengi mno hukwama hatua ya kwanza au ya pili hadi mwisho wa maisha yao.

Hapa lipo jambo ambalo huwashangaza hata wahudumu wa afya. Kuwaka kwa tumbo hakupimi hatari ya saratani. Pilori akishika sehemu ya chini ya mfuko wa tumbo, asidi huongezeka, na mtu hupata kidonda pale utumbo mdogo unapoanzia, kile kinachouma usiku na kutulia ukila. Mtu huyo, pamoja na maumivu yake yote, hatari yake ya saratani ya tumbo ni ndogo kuliko ya wengine. Anayeelekea njia ya saratani ni yule ambaye kuungua huko kwa ukuta kumesambaa sehemu ya juu na tezi za asidi zimekufa; asidi yake ni haba, na huenda hasikii kitu kwa miaka. Kiungulia kinachopanda kifuani baada ya pilau, nacho kwa kawaida ni suala la mlango wa juu wa tumbo, si la pilori.

Hesabu, basi. Kati ya watu 100 wenye pilori, 10 hadi 15 hupata kidonda cha tumbo katika maisha yao, na 1 hadi 3 hupata saratani. Karibu nusu ya watu wa dunia wameishi naye, na Afrika ni zaidi ya hapo. Kule Japani wagonjwa 1,526 walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 7.8, matokeo yakatolewa mwaka 2001: kati ya waliokuwa na pilori, 36 walipata saratani ya tumbo, karibu 3 kwa kila 100, kati ya 280 wasiokuwa naye, hakuna hata mmoja. Namba hizo zinasema mambo mawili kwa wakati mmoja. Bila pilori saratani hii ni adimu, na ukiwa na pilori bado watu 97 kati ya 100 hawakuipata.

Wewe una mama aliyeugua. Mtu ambaye mzazi, kaka au dada yake alipata saratani ya tumbo, hatari yake huwa takriban mara 2 hadi 3 ya mtu mwingine, kwa sababu ya damu, na pia kwa sababu mama na mtoto hushiriki pilori yuleyule, chumvi ileile na jiko lilelile. Kwa watu wa namna yako upo utafiti mzuri kutoka Korea Kusini, uliotolewa mwaka 2020. Ndugu wa karibu wa wagonjwa wa saratani ya tumbo wapatao 1,676, wote wenye pilori, waligawanywa: nusu wakapewa dawa, nusu vidonge visivyo na dawa. Baada ya takriban miaka 9, saratani iliwapata 1.2 kwa 100 waliopewa dawa na 2.7 kwa 100 ya wengine. Kwa wale ambao bakteria aliondoka kweli, ilikuwa 0.8. Maana yake, kumtoa pilori kunakata zaidi ya nusu ya hatari, na hakuikati yote. Aliyetibiwa wakati utando umeshageuka hubaki na sehemu ya hatari, hata bakteria akiwa hayupo tena.

Kabla hujaibeba hofu ya mama yote, tafuta karatasi zake. Kwetu maneno «saratani ya tumbo» hutumika kwa mengi: ya mfuko wa tumbo, ya ini, ya utumbo mpana, na mara nyingi sana ya umio, ile inayoanza kwa chakula kukwama kooni. Saratani ya umio ni ya kawaida Kenya, na ile aina yake iliyozoeleka huku hailetwi na pilori. Soma ripoti ya nyama iliyokatwa, au mpelekee daktari aisome. Kama ilikuwa ya mfuko wa tumbo, uliza aina. Na kama katika ukoo wenu wako wawili au zaidi walioipata, au mmoja aliipata kabla ya miaka 50, sema hivyo waziwazi, kwa kuwa zipo aina chache za kurithi ambazo hushughulikiwa tofauti kabisa.

Sasa kilo. Kutoka 62 hadi 58 ni zaidi ya 6 kwa 100 ya uzito wako, kwa miezi mitano. Huzuni hupunguza watu, na omeprazoli na dawa chungu huondoa hamu ya kula. Inawezekana sana ikawa ni hayo tu. Lakini kupungua bila kukusudia zaidi ya 5 kwa 100, pamoja na tumbo linalowaka, pamoja na mama aliyefariki kwa ugonjwa huu, ni mambo matatu ambayo yakikutana daktari yeyote mwangalifu hasemi «tungoje tuone». Wewe unahitaji kamera ya tumbo, endoskopi, ndani ya wiki chache zijazo. Umri wako unakupa matumaini mengi, haukupi ruhusa ya kuahirisha.

Hilo linabadilisha mpangilio wote. Kama ungekuwa huna dalili, ningesema: pima choo, tibu, pima tena. Kwako wewe kamera itangulie, dawa za pilori zifuate. Kamera itaona ukuta, na vipande vya nyama vitakavyokatwa vitaonyesha kama pilori yupo na ukuta umefika hatua gani, yote kwa safari moja. Ukimeza antibiotiki sasa utavuruga majibu. Wiki 3 za kungoja hazimwongezei nguvu bakteria aliyekaa humo miaka 30. Ila kama nauli, gharama au foleni zitaisogeza kamera hadi miezi, usikae bure: pima choo, anza matibabu, na kamera iendelee kutafutwa.

Anza na daktari hospitali ya kaunti hapo Lamu, akupime kwanza wekundu wa damu na akuandikie barua ya rufaa. Uliza kwa simu kabla hujapanda boti ya Mokowe: mashine inafanya kazi, siku za kamera ni zipi, bima yako inalipa kiasi gani na vipande vya nyama vinalipiwa kando au la. Malindi iko karibu zaidi, ulizia huko kwanza. Wengi huishia Mombasa, safari inayokula siku nzima, kwa hiyo lala huko usiku wa kuamkia kipimo. Usile kwa saa 6 hadi 8 kabla. Maji kidogo yanaruhusiwa hadi saa 2 kabla. Utapuliziwa dawa ya ganzi kooni, pengine na sindano ya kukulegeza, na mrija mwembamba kama kidole utapita mdomoni. Dakika 10 au 15, kazi imekwisha. Unachefuka, unahisi kama unapaliwa, lakini pumzi haizuiliki, kwa sababu njia ya hewa ni nyingine. Ukichomwa sindano, usirudi peke yako siku hiyo.

Omba jambo moja ambalo mgonjwa haombi: vipande vya nyama vikatwe sehemu ya chini ya tumbo na sehemu ya juu, vitano kwa kawaida, na chupa zitengwe. Kipande kimoja cha chini kinatosha kusema pilori yupo, hakitoshi kusema ukuta umechakaa kwa upana gani. Na usiondoke bila kujua nani atakutumia majibu ya maabara, maana huja baada ya wiki moja, mbili au zaidi, na bahasha nyingi hubaki kwenye kabati. Utando ukiwa umegeuka kwa eneo kubwa, utahitaji kamera nyingine kila baada ya miaka 3 hivi. Ukuta ukiwa umeungua tu bila kugeuka, tunatibu na kufunga faili.

Kuhusu dawa, mimi sikulaumu kwa pakiti ya siku 7. Ilikuwa dozi ya zamani, na bado inauzwa. Siku hizi ni 14. Tafuta pakiti tupu uone majina: ikiwa ndani yake kulikuwa na klarithromaisini, na pilori akaonekana bado yupo, dawa hiyo hairudiwi, kwa kuwa waliobaki ndio sugu. Ladha ya shaba uliyoisikia hutokana nayo au na metronidazoli na ndugu zake.

Baada ya pakiti ya namna hiyo kushindwa, mpango ninaoupendelea ni wa dawa 4 kwa siku 14: omeprazoli mara 2 kwa siku, bismathi mara 4, tetrasaiklini miligramu 500 mara 4, na metronidazoli miligramu 400 au 500 mara 3 au 4. Bismathi na tetrasaiklini huadimika madukani, na ukikuta mtu anakuuzia doksisaiklini akisema ni ileile, si ileile. Matokeo yake kwa pilori ni hafifu. Mwambie daktari ukizikosa akupangie njia nyingine, usichanganye mwenyewe kaunta.

Namna ya kumeza ndiko wengi wanakofelia. Omeprazoli inamezwa nusu saa kabla ya chakula cha asubuhi na cha jioni, si baada, kwa sababu inafunga pampu za asidi zinapoamshwa na chakula. Tetrasaiklini haipatani na maziwa, mtindi, vidonge vya chuma wala dawa za kukata asidi. Chai ya maziwa nayo ni maziwa, kwa hiyo siku hizo 14 ukinywa dawa tumia turungi. Meza kwa gilasi nzima ya maji na ukae wima angalau nusu saa, la sivyo kidonge hukwama na kuchoma umio. Kile cha usiku kimeze kabla hujapanda kitandani. Metronidazoli na pombe havikai pamoja, hata pombe iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi. Bismathi hugeuza ulimi na choo kuwa cheusi, usiogope. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, mpango huu si wako kabisa, sema mapema. Dozi za mara 4 haziendi na saumu: panga zikamilike kabla ya Ramadhani au zianze baada ya Idi, isipokuwa mtu anayetokwa na damu, huyo hangoji.

Ukimaliza, hesabu wiki 4 kamili. Kidonge cha mwisho kikiwa tarehe 1 Machi, usipime kabla ya tarehe 29 Machi, omeprazoli ikiwa imesimama wiki 2, na upime choo. Damu usiirudie tena maisha yako yote kwa ajili ya pilori.

Wifi yako anakutakia heri. Habasoda na asali hazikudhuru kwa kiasi cha jikoni, na zipo tafiti ndogo kuhusu habasoda na pilori, lakini hazijafikia mahali pa kuiweka badala ya dawa. Tumia kama chakula. Kinachonisumbua katika ushauri wake ni yale maneno «niache dawa za hospitali», maana hayo humfanya mtu akose kamera.

Watoto wa miaka 6 na 11, kama wanakula, wanakua na hawalalamiki, usiwapime. Kwa umri huo saratani hii si jambo la kuwazia, dawa ni nyingi kwao, na wanaweza kuambukizwa tena. Wakishakuwa watu wazima wapimwe mara moja kwa choo. Kaka na dada zako, watoto wa mama mmoja, hao ndio wa kupima sasa.

Sinia msilivunje. Pilori hupita kutoka mtu hadi mtu kwa mate, matapishi na kinyesi, hasa ndani ya nyumba yenye watoto wadogo, na mtu mzima kuambukizwa upya si jambo la kawaida. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kukaa sinia na baada ya choo, na bibi asimtafunie mjukuu chakula halafu akamtia mdomoni. Maji ya jabia na ya kisima yachemsheni. Pilori kupitia maji hakujathibitika kuwa njia kuu, lakini kipindupindu na homa ya matumbo zinatosha kuwa sababu.

Ng'onda na papa mkavu ni swali zuri, kwa sababu chumvi nyingi huuharibu ule ute wa tumbo na kumfungulia pilori njia. Tafiti za Japani na Korea kuhusu samaki wa chumvi ziko wazi kiasi. Sikwambii uache. Loweka usiku kucha, mwaga maji, badilisha mara 2, na kwenye mchuzi wa nazi usitie chumvi nyingine mpaka umeonja. Lengo la siku nzima ni chini ya gramu 5 za chumvi, kijiko kimoja cha chai, na kipande kimoja cha ng'onda isiyolowekwa huenda nacho karibu chote. Sigara huongeza hatari ya saratani hii, hilo limethibitika. Pilipili na kahawa chungu zinaweza kukuunguza siku ile, lakini si chanzo chake. Na mwili ukikuuma usikimbilie ibuprofeni, diklofenaki au aspirini mpaka tumbo litazamwe, tumia parasetamoli.

Mpaka siku ya kamera, jipime uzito kila Ijumaa kwenye mizani ileile na uandike. Ukianza kushiba kwa vijiko vichache, kutapika kila siku, au chakula kukwama, usingoje tarehe uliyopewa, rudi kwa daktari aisogeze mbele. Ukitapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, au choo kikiwa cheusi, cha kunata kama lami, chenye harufu kali, huku kizunguzungu kinakushika na wala hujameza bismathi wala vidonge vya chuma, hiyo ni damu. Hilo halingoji boti ya asubuhi: mwamshe mtu, nenda hospitali ya kaunti hapo hapo kisiwani usiku huohuo, na uwaambie dawa zote ulizomeza wiki hiyo.